Firigisi ya Mkwe

Kama si jogoo mmoja mwekundu kukata kamba, mimi nisingekuwa na la kuwasimulia leo.

Stendi ya Singida ilikuwa imefurika. Wapiga debe walikuwa wanagombania abiria, wauza vitunguu wamepanga mifuko yao hadi njiani, na basi dogo la kutoka Ikungi ndiyo kwanza lilikuwa limezima injini. Evodia alikuwa anashusha tenga lake la kuku. Huyu Evodia alikuwa na banda la kukaanga kuku pembeni ya stendi, na hata kazini alipendeza: gauni la kitenge cha kijani lililomshika kiuno, kilemba cha njano, na aproni safi juu yake. Alipoinama kuweka tenga chini, jogoo akachomoka.

"Jamani, jogoo wangu! Mkamateni!"

Wanaume waliokuwa karibu walicheka badala ya kukamata, maana ndivyo wanaume wa stendi walivyo. Ni mmoja tu aliyekimbia. Alikuwa kijana mrefu, shati jeupe lenye madoa ya mafuta, viatu vyeusi vya kamba vimeng'arishwa kama vya mwanajeshi. Aliruka mfuko wa kwanza wa vitunguu, akaruka wa pili, wa tatu ukamshinda. Alianguka kifudifudi, mwenye vitunguu akatoa matusi, na alipoinuka alikuwa amemkumbatia jogoo kifuani.

"Pole kaka! Umeumia?" Evodia alimkimbilia.

"Mimi mzima. Muulize huyu."

Evodia akaangua kicheko. Kijana naye akacheka, lakini mkono wake uliruka upesi ukaziba mdomo.

"Mbona unaziba mdomo? Unacheka au unapiga chafya?"

"Ndivyo ninavyocheka."

"Makubwa! Mwanaume mzima unacheka kama bi harusi. Unaitwa nani?"

"Naftali. Nakamua alizeti kule Utemini. Nimeleta madumu ya mafuta yanaenda Manyoni."

"Basi Naftali wa mafuta, njoo bandani kwangu nikukaangie paja. Asante yangu hiyo."

Naftali alilitazama karai lililokuwa linachemka, akamtazama na mwenye karai. Akameza mate.

"Nipe supu tu," alisema.

Kuanzia siku hiyo alikuwa hakosi. Alikuja na shati lililopigwa pasi, akakaa kwenye benchi la mwisho, akaagiza supu. Evodia alimpa mapaja, akayarudisha. Akampa vipapatio, akasema tumbo limejaa. Wasichana wa mabanda ya jirani wakamwita Bwana Supu, na Evodia akalidaka jina hilo akalifanya lake. Yule jogoo mwekundu hakuchinjwa. Alifungwa kamba nyuma ya banda, akapewa jina la Mshenga, akawa ananenepa bila wasiwasi.

Jioni simu hazikukatika.

"Bwana Supu, umekula?"

"Nimekula. Wewe je, mpenzi?"

"Rudia hilo neno la mwisho."

"Lipi? Je?"

"Naftali!"

"Mpenzi. Mpenzi wangu. Haya, nimerudia na faida juu."

"Sasa nalala vizuri. Lakini iko siku utakula nyama yangu, hata kwa kulishwa."

Msichana wa watu alikuwa anatania. Hakujua kwamba upande wa pili wa simu mwenzake alinyamaza kwa sababu, na sababu hiyo ilikuwa ndani ya glasi ya maji, juu ya meza, imevuliwa.

Naftali alikuwa anavaa meno ya bandia. Hakupigwa wala hakupata ajali. Meno ya utotoni yalipong'oka, mengi hayakurudi, na ya mbele chini hayakuota hata moja. Kucha za miguu nazo zilikuwa ndogo, nyembamba, zimebonyea katikati kama kijiko. Mama yake, Rahel, alikuwa hivyo hivyo, na babu yake mzaa mama pia. Kule kwao Iramba watu walisema ni laana. Daktari aliyemwendea ukubwani alisema si laana, ni kasoro ya kurithi, adimu sana, inagusa meno na kucha basi, haigusi akili wala nguvu. Akaongeza kwamba kila mtoto atakayemzaa ana nafasi nusu kwa nusu ya kuipata. Maneno ya mwanzo yalimfariji Naftali. Haya ya mwisho ndiyo yaliyomkosesha usingizi, kwa sababu msichana mmoja wa Kiomboi alishawahi kuambiwa, naye akawaambia shangazi zake, na uchumba ukaishia hapo hapo.

Ndiyo maana alifunga viatu na kuziba mdomo. Na ndiyo maana hakugusa nyama, kwani taya lake lilikuwa dogo na meno yale ya kuvaa hayakushika vizuri. Ugali na mlenda vilipita. Nyama ngumu iliyanyanyua, yakacheza mdomoni.

Jumapili moja walikwenda kupunga upepo kwenye ziwa Singidani. Evodia alivaa blauzi nyeupe na sketi ya maua, akaketi juu ya jiwe, akavua sandali na kutumbukiza miguu majini.

"Vua viatu na wewe. Maji matamu."

"Nitapata mafua."

"Mafua ya miguuni? Naftali, mbona wewe una mambo kama mgeni wa serikali? Huvui viatu, huli nyama, hucheki vizuri. Unanificha nini?"

Hapo ndipo palikuwa pa kusema. Naftali alivuta pumzi. Alikuwa amefanya mazoezi ya maneno yale njia nzima.

"Evo, kuna jambo nataka ulijue."

"Sema."

"Nataka... nataka kuja kwenu. Kwa wazazi."

Ulimi wake ulimsaliti. Evodia alipiga kelele za furaha mpaka ndege wakaruka majini, akamrukia shingoni na miguu yake imelowa. Ungekuwa wewe, ungemrudisha chini umwambie kwamba hilo silo ulilokusudia? Naftali hakuweza. Alimkumbatia, akajiambia atasema wiki ijayo.

Wiki ijayo ndiyo ilikuwa ya safari ya Issuna, kijijini kwao Evodia.

Nyumbani kwa Mzee Simoni, baba yake Evodia, palikuwa pamefagiliwa, alizeti zimechanua manjano nyuma ya nyumba. Naftali alikuja na rafiki yake Kefa, msemaji wake, ambaye alijua siri yote na alikuwa ameapishwa kunyamaza. Mlangoni walivua viatu kama ada. Naftali alibaki na soksi nene nyeusi katika joto lile, na Mama Kristina, mama yake Evodia, akaziangalia soksi zile bila kusema kitu.

"Shikamoo baba. Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Karibuni."

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, Mnyiramba wangu," alijibu Bibi Scholastika, mama yake Mzee Simoni, kikongwe aliyekaa kwenye mkeka karibu na mlango na kinu chake kidogo cha mti pembeni. "Mmeuza kuku wenu wote, sasa mmekuja kumaliza wa kwetu?"

Watu wakaucheka utani huo wa makabila, mambo yakaenda vizuri. Kefa alisema yaliyotakiwa kusemwa, Mzee Simoni akajibu yaliyotakiwa kujibiwa. Kisha kikaja chakula, ugali na jogoo mzee aliyechemshwa tangu asubuhi. Mzee Simoni alinawa, akaingiza kijiko kwenye bakuli, akatafuta mpaka akapata alichokuwa anakitafuta. Akakiweka kwenye sahani ya Naftali kwa mkono wake mwenyewe.

"Firigisi ya nyumba hii mimi ndiye huwa naila," alisema. "Leo nakupa wewe. Mkwe akiila, tumemalizana."

Firigisi ya jogoo mzee! Mimi mwenye meno yangu yote ningeomba msaada. Naftali aliitia mdomoni, watu wote wakimtazama kwa upendo, akatafuna. Meno yakanyanyuka. Akatafuna upande wa pili, yakahama. Akafanya kama anafuta mdomo, akaitema ndani ya leso, leso akaisukumia mfukoni.

"Tamu sana, baba. Asanteni."

Mzee Simoni alimpiga bega kwa furaha. Evodia, aliyesimama mlangoni kwa khanga mpya, alitabasamu hadi macho yakapotea.

Yangeishia hapo kama si joto la soksi. Wakati wa kuagana uani Naftali alikuwa anatiririka jasho, naye bila kufikiri akachomoa leso ajifute. Firigisi ikaanguka chini, puu, katikati ya watu. Mbwa wa nyumba hakungoja kuambiwa karibu.

Mama Kristina alishika kifua. Kefa akafungua mdomo aeleze, Naftali akamkanyaga mguu.

"Kijana," alisema Mzee Simoni polepole, "mtu hutema chakula cha watu akiwadhania ubaya. Umetuona sisi wachawi?"

"Hapana, baba, si hivyo."

"Ni vipi basi?"

Naftali alimtazama mzee, akamtazama Evodia ambaye machozi yalikwisha kumjaa. Neno moja tu lilikuwa linatakiwa, na mbele ya watu wote wale halikutoka.

"Nendeni salama," alisema mzee, akaingia ndani.

Evodia aliwafuata hadi barabarani.

"Baba yangu hajawahi kumpa mtu firigisi yake. Hata askofu alipokuja hakupewa. Wewe umempa mbwa!"

"Evo, nisikilize..."

"Nakusikiliza. Sema."

Naftali akawa anahangaika na vifungo vya shati.

"Huna la kusema," Evodia alisema. "Supu kwangu ulikuwa unakunywa kwa sababu hutafuni chakula changu, unakiogopa. Sasa nimeelewa. Usinipigie tena."

Naftali alipiga, simu haikupokelewa. Alituma ujumbe, haukujibiwa. Bandani, Evodia aliunguza kuku hadi wateja wakanung'unika. Jogoo Mshenga alipowika, alimrushia kijiko.

Huko Utemini, Rahel alimwona mwanawe anazungusha ugali sahanini bila kula, akachoka. Alikuwa mwanamke mnene, mchangamfu, mwenye kucheka kwa mdomo mzima.

"Unamlilia kama amekufa. Amekufa?"

"Amenikataa, mama."

"Amekukataa wewe au amemkataa mtu anayetema firigisi? Huyo hata mimi ningemkataa. Mimi baba yako nilimwonyesha ufizi siku aliyoniambia ananipenda. Nikamwambia, bidhaa ndiyo hii, tazama kabisa. Akacheka, akaniletea ndizi."

"Na kama asingecheka?"

"Ningekula ndizi zangu mwenyewe. Nenda."

Alikwenda saa ya chakula cha mchana, banda limejaa wateja. Evodia alimwona, akageuza uso kwenye karai.

"Supu imekwisha."

"Sikuja kwa supu."

Naftali aliingiza vidole mdomoni, akayatoa meno yake, akayaweka juu ya meza ya kukatia nyanya. Midomo yake ikaingia ndani, akaonekana kama mzee na mtoto kwa pamoja. Dereva mmoja wa bodaboda aliacha paja hewani.

"Sikutema kwa kumdhania baba yako ubaya," alisema. Sauti ilikuwa laini, maneno yanateleza, lakini kila mmoja aliyaelewa. "Sikuweza kutafuna. Meno yangu hayakuota, Evo. Nimezaliwa hivi, mama yangu yuko hivi, babu yangu alikuwa hivi. Niliona aibu. Niliogopa utaondoka, nikakuudhi mpaka ukaondoka."

Evodia aliyatazama meno, akamtazama mwenye meno. Akapunguza moto.

"Na viatu?"

Naftali aliinama akavua viatu, akavua soksi, akasimama peku kwenye vumbi la banda. Evodia alichuchumaa akazitazama zile kucha ndogo. Akagusa moja kwa kidole.

"Inauma?"

"Haiumi."

"Mpumbavu wewe!" Alisimama na machozi yanamtoka. "Nimelia mpaka nimevimba macho, nimeunguza kuku wa watu, kumbe ni meno? Ungeniambia ningekuchemshia mpaka nyama ikaomba radhi!"

Wateja wakapiga makofi. Naftali hakucheka.

"Kuna lingine. Watoto wetu, kila mmoja, ni nusu kwa nusu. Anaweza kuwa kama wewe, anaweza kuwa kama mimi. Sitaki ulijue baadaye."

Evodia aliokota meno kwa uangalifu, akayasuuza kwa maji ya kunywa, akamrudishia mkononi.

"Niache nifikiri," alisema. Hakusema kwa hasira.

Nami nampenda kwa hilo. Wengine wangeropoka hapo hapo kwamba haijalishi, kisha wakajuta ndani ya ndoa. Yeye alifunga banda mapema kesho yake, akauliza njia ya Utemini, akamkuta Rahel anapepeta mtama uani, peku.

"Shikamoo mama. Mimi Evodia."

"Marahaba. Nilikuwa nakungoja. Kaa, uulize unachotaka."

"Je, uliteseka?"

Rahel aliweka ungo chini. "Utotoni walinicheka. Nilirudi nyumbani nalia. Sitakudanganya, hilo lipo. Lakini nimelima, nimezaa, nimeimba kwaya, nimependwa na mume mpaka alipofariki. Nimekosa meno, binti yangu. Kingine sijakosa."

Wakala ugali na mlenda pamoja, wakaongea mpaka Evodia akasahau alichokuja kuuliza. Alipofika nyumbani tu akapiga simu.

"Bwana Supu."

"Evo?"

"Jumamosi tunakwenda Issuna. Hayo meno yako yaache kwenye glasi. Na vaa ndala."

"Ndala? Mbele ya baba yako?"

"Ndala, mpenzi."

"Rudia neno la mwisho."

"Usinichoshe," alisema, lakini alirudia.

Mzee Simoni aliwapokea bila kutabasamu. Naftali alisimama uani kwa ndala, mdomo mtupu, akaeleza kila kitu tangu jino la kwanza lililogoma. Hakuficha kuhusu watoto. Alipomaliza aliomba radhi. Mzee alikuwa anatazama chini, kwenye zile kucha.

Wa kwanza kujibu alikuwa Bibi Scholastika. Alianza kucheka pale mkekani, mdomo wazi, ufizi mtupu toka upande mmoja hadi mwingine.

"Simoni! Mmemfukuza mwenzangu? Mimi nyama nakulaje kila siku katika nyumba hii? Kuna mtu alinidhania mimi mchawi?"

"Mama, sisi hatukujua," alisema Mzee Simoni.

"Si mngeuliza! Na wewe Mnyiramba, mdomo wa kula haupo, hata wa kusema nao haupo? Evodia, lete kinu changu."

Jogoo mwingine alichinjwa. Mshenga alikuwa stendi, salama salimini. Firigisi ilipoiva Evodia aliikata, akaitia kwenye kinu pamoja na chumvi na kitunguu, akatwanga. Mlio wa mchi ulisikika hadi kwa majirani. Alimaliza, akagawa kwenye bakuli mbili, moja ya bibi, moja akampa baba yake aishike.

Mzee Simoni aliishika muda. Kisha akaichukua kwa mikono miwili akampelekea Naftali.

"Nilikupa kitu usichoweza kukila, ukaona haya kuniambia. Tumekoseana sote wawili. Kula, mwanangu."

Naftali alichota, akala, akameza. Mara ya kwanza maishani alikula nyama ya kuku mbele za watu mpaka akalamba kijiko.

"Baba," alisema, "mara ile nilikuja na msemaji. Leo naomba mwenyewe. Naomba kumwoa Evodia."

"Muulize mwenyewe."

"Mwenyewe alishakubali tangu aliponiambia vaa ndala," alisema Naftali, na Evodia akampiga kibao cha mgongo.

Mama Kristina peke yake alikuwa bado na neno. Alilisema taratibu, kama mama.

"Nami nimekubali. Ila mwanangu, umefikiri? Na hao watoto, je?"

Evodia alikuwa bado ameshika mchi. Hakuinua sauti.

"Nimefikiri, mama. Wakiota meno watatafuna. Wasipoota, kinu si kipo?"

Mama Kristina alimtazama binti yake, kisha akapiga kigelegele. Bibi akamfuata kwa chake kisicho na meno, kikatoka kirefu kuliko cha yeyote.

Walipokuwa wanaondoka jua likiwa bado juu, bibi aliwasimamisha. Alitaka kinu kile wakichukue wao.

"Na wewe utatumia nini, bibi?" aliuliza Naftali.

"Simoni atanichongea kingine. Ana meno yote, lakini mikono anayo pia. Beba!"

Kinu kilikuwa kidogo, ila kizito. Naftali alikikumbatia kwa mikono miwili kama alivyomkumbatia jogoo siku ile, ndala zinampigapiga visiginoni, wakaishika njia ya kwenda barabarani katikati ya alizeti. Evodia alimtazama anavyohangaika.

"Mume wangu mtarajiwa, unabeba kinu au kinu kinakubeba wewe?"

Naftali aliangua kicheko. Mkono wake ulitaka kuruka mdomoni kwa mazoea, lakini mikono yote miwili ilikuwa na kazi. Ikabidi acheke hivyo hivyo, mdomo wazi, ufizi nje, na Evodia akasimama njiani kumtazama. Alikuwa hajawahi kukiona kicheko kile kizima, na alikipenda.